Gramu 24 Zinatosha

Anayeanza kujifunza kulenga sahani za udongo huku Marekani hufundishwa na duka kabla hajafundishwa na mwalimu. Anaingia kutafuta risasi za bunduki yake ya geji 12, anakuta rafu imejaa maboksi ya aunsi moja na moja ya nane, yaani karibu gramu 32 za marisau katika kila risasi, na anayachukua bila kuuliza kwa sababu ndiyo yaliyopo na ndiyo anayoyaona mikononi mwa wenzake uwanjani. Miaka inapita na bega linazoea. Hakuna anayekaa akajiuliza kama kisahani chenye uzito wa gramu 105 kweli kinadai gramu 32 za risasi ndipo kivunjike. Mimi nimeshindilia risasi zangu mwenyewe kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo juu ya jambo hili, na msimamo wenyewe ni huu: kwa mazoezi yote na kwa sehemu kubwa ya mashindano, gramu 24 au zaidi yake kidogo zinatosha. Risasi nyepesi inafaa kuliko nzito kwa kazi ya uwanjani, na ingefaa hata kama risasi zote mbili zingeuzwa kwa bei moja.

Inasaidia kukumbuka uzito huu mkubwa ulikotoka. Mchezo wa kupiga shabaha zinazoruka ulianza kwa njiwa hai waliofunguliwa vizimbani, na njiwa hai ni kiumbe mwenye manyoya, nyama na mifupa, ambaye akipigwa vibaya anaruka na majeraha yake hadi nje ya uwanja. Baadaye kukaja mipira ya kioo, ambayo mlengaji Adam Bogardus aliieneza sana katika maonyesho yake, na mwaka 1880 George Ligowsky wa Cincinnati akapata hataza ya sahani ya udongo. Shabaha ikabadilika kabisa, lakini fikra za mwindaji hazikubadilika. Sahani za leo hata udongo hazina. Zimetengenezwa kwa unga wa mawe ya chokaa uliochanganywa na lami, zikafinyangwa nyembamba makusudi ili zivunjike. Ya Marekani ina upana wa milimita 108, ya mashindano ya kimataifa milimita 110. Haina ngozi ya kupenya wala mfupa wa kuvunja. Marisau machache yakiifikia na nguvu kiasi, inapasuka, na kwa sheria za mchezo kipande kimoja kinachoonekana kikimeguka kinatosha kuhesabiwa. Kukirushia kitu kama hicho mzigo wa kuwindia bata mzinga ni kufuata mazoea tu.

Ushahidi wa kwanza ninaouegemea unatoka katika mchezo wa skiti, ambao Charles Davis na wenzake waliubuni Andover, Massachusetts, karibu mwaka 1920, na ambao umepangwa kana kwamba mtu alikusudia kulijibu swali letu. Katika skiti ya Marekani mpigaji hushindana kwa bunduki za aina nne. Geji 12 inaruhusiwa aunsi moja na moja ya nane. Geji 20, aunsi saba ya nane. Geji 28, robo tatu ya aunsi. Na bunduki ndogo kuliko zote, ile ya .410, nusu aunsi tu, sawa na gramu 14 hivi. Uwanja ni uleule, sahani ni zilezile, kasi ni ileile. Kama uzito wa marisau ndio ungekuwa unavunja sahani, wapigaji wangeshuka ngazi kwa ngazi kila wanapochukua bunduki ndogo, na wakifika kwenye .410 wangekuwa wanapata nusu ya walizopata na geji 12. Sivyo ilivyo. Wapigaji hodari hupiga 100 kwa 100 kwa hiyo .410, na si tukio la kustaajabisha tena katika mashindano makubwa. Alama hushuka, ni kweli, lakini hushuka kidogo sana ukilinganisha na uzito uliopunguzwa, ambao umepungua kwa zaidi ya nusu. Na wanaoporomoka zaidi wakishika bunduki ndogo ni wale ambao hata kwa bunduki kubwa walikuwa wanagusa sahani kwa ukingo wa kundi la marisau, hawaipati katikati.

Ushahidi wa pili ni Olimpiki. Shirikisho la kimataifa la ulengaji shabaha, ISSF, lilipunguza uzito wa marisau hatua kwa hatua hadi likafika gramu 24, na huo ndio uzito wanaoshindania mabingwa wa dunia leo. Katika mchezo wa trapu wa Olimpiki mpigaji husimama mita 15 nyuma ya handaki lenye mitambo 15, hajui ni upi utakaorusha, na sahani hutoka kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa ikielekea umbali wa mita 76. Ni shabaha ngumu kuliko karibu zote ambazo mpigaji wa kawaida wa Marekani hukutana nazo siku ya Jumamosi. Hata hivyo, Tokyo mwaka 2021, Zuzana Rehák Štefečeková wa Slovakia alivunja sahani 125 kati ya 125 katika hatua ya mchujo. Miaka 9 nyuma yake, London, Kim Rhode wa Marekani alivunja 99 kati ya 100 katika skiti. Wasomaji wa Ghuba watamkumbuka Ahmed Al Maktoum, aliyeipatia Falme za Kiarabu medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, na ya dhahabu, Athens mwaka 2004, katika trapu ya sahani mbili mbili ambapo hakuna risasi ya pili ya kurekebishia kosa: sahani mbili hewani, risasi moja kwa kila sahani. Kwenye trapu ya kawaida mchujo huruhusu risasi mbili kwa kila sahani, na lazima hilo lisemwe, kwani bila hilo ushahidi wangu ungekuwa na kilema. Lakini skiti na trapu ya sahani mbili haviruhusu, na matokeo yake hayapishani na ninayoyasema.

Hapa ndipo hutolewa pingamizi ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko mengine yote, nalo lina uzito. Wanasema: hao uliowataja ni mabingwa wa dunia, sisi ni watu wa kawaida, bingwa anaweza kuridhika na marisau machache kwa sababu anaipata sahani katikati, sisi tunahitaji marisau ya ziada kufunika upungufu wetu. Linasikika kama hekima, lakini linakosea mahali pa kulitafuta kosa. Marisau ya ziada hayapanui duara kwa kiasi cha maana, yanalijaza zaidi. Upana wa kundi la marisau unaamuliwa hasa na mbano wa mdomo wa mtutu na umbali wa shabaha. Mpigaji wa kawaida akikosa, mara nyingi amekosa kwa zaidi ya nusu mita: amesimamisha mtutu badala ya kuendelea kuufuatisha, au ameinua uso kutoka kwenye kitako ili aione sahani ikivunjika, au amepiga nyuma ya sahani inayokatiza. Makosa ya namna hiyo hayatibiwi na marisau 100 zaidi, kwa sababu hayo 100 nayo yanapita pale pale yalikopita mengine. Ukitaka duara pana, badilisha mbano wa mtutu, na hilo ni jambo la dakika moja na halilipiwi na bega.

Na bega ndilo kiini cha hoja yangu. Watu hulizungumzia suala la msukumo wa bunduki kana kwamba ni suala la ushujaa, wakati ni suala la hesabu. Chukua bunduki ya kilo 3.6, ambayo ni uzito wa kawaida kwa bunduki ya uwanjani. Ukipiga gramu 32 kwa mwendo wa mita 365 kwa sekunde, ukajumlisha na uzito wa kikombe cha plastiki kinachobeba marisau na wa gesi za baruti zinazotoka mtutuni, bunduki inarudi begani ikiwa na nishati ya karibu jouli 24. Ukipunguza marisau yawe gramu 24 na mwendo ukauacha uleule, inarudi na jouli 14 na ushee. Umepunguza marisau kwa robo, umepunguza pigo kwa asilimia 40. Sababu ni kwamba nishati ya bunduki inayorudi hukua kwa kipeo cha pili cha kasi yake, kwa hiyo kila gramu unayoiondoa juu inalipa kuliko unavyotarajia. Sasa zidisha. Hakuna anayeenda uwanjani kupiga risasi moja. Raundi ni sahani 25, na mashindano ya kawaida ni 100 au 200 kwa siku. Risasi ya kwanza nzito haimdhuru mtu mzima yeyote. Ya 80 ndiyo inayoufundisha mwili wake kuogopa, naye asijue.

Hofu hiyo haijitangazi. Mpigaji hasemi kwamba anaogopa, na kwa kweli akilini mwake haogopi. Ni misuli inayojikaza kabla ya mlipuko, jicho linalofumba kwa nukta moja, mkono wa mbele unaoivuta bunduki chini kidogo kwa kujiandaa. Ukitaka kuiona, mwekee mwenzako ganda tupu kati ya risasi nzima bila yeye kujua lipo la ngapi, kisha uutazame mtutu wake atakapobonyeza: unatumbukia kana kwamba umepigwa ngumi. Katika trapu ya Marekani tatizo hili limekuwa kubwa kiasi cha kuzaa kifaa chake, kifyatulio cha kuachia, ambacho kwacho bunduki hulipuka pale kidole kinapokiachia na si pale kinapokivuta. Wapo wapigaji wengi wenye vipaji wanaokitumia kwa sababu kidole chao kimekataa kabisa kuvuta. Siwalaumu hata kidogo; wamepata dawa iliyowarudisha kwenye mchezo wanaoupenda. Ninachosema ni kwamba ugonjwa ule una chanzo, na sehemu kubwa ya chanzo hicho ni maelfu ya mapigo ambayo hayakuhitajika kuvunja sahani hata moja.

Kuna pingamizi la umbali, na hili silikatai, nalipimia mipaka yake. Chukua marisau namba 8, ambayo aunsi moja ina kama 410. Aunsi moja na moja ya nane inayo 461. Aunsi saba ya nane, iliyo karibu gramu 25, inayo 359. Kipimo cha kawaida cha kupimia mitutu ni duara la sentimita 76 kwa yadi 40, na mtutu wenye mbano kamili huweka humo karibu asilimia 70 ya marisau. Hiyo ni 323 kwa risasi nzito na 251 kwa nyepesi. Sahani inayokwenda mbali na mpigaji haionyeshi uso wake wote. Inaonyesha ukingo, tuseme sentimita za mraba 25. Ukiyagawa marisau sawasawa katika duara zima, ukingo huo utapata wastani wa marisau 1.8 kwa risasi nzito na 1.4 kwa nyepesi. Duara halisi huwa limejaa zaidi katikati, kwa hiyo anayelenga vizuri anapata zaidi ya hapo kwa risasi zote mbili, lakini tofauti ipo na kwa yadi 40 inauma. Kwa hiyo mpigaji wa trapu ya Marekani aliyesukumwa nyuma kwa umahiri wake hadi yadi 27, ambako sahani humfia mbali, anayo haki ya kubeba aunsi moja na moja ya nane siku ya mashindano, na mimi sitamwambia vinginevyo. Ila watu wangapi wanasimama hapo? Wengi husimama yadi 16, na sahani huipiga ikiwa haijafika yadi 35. Katika skiti sahani hukatiza kama mita 19 tu kutoka mguuni pa mpigaji. Huko hesabu ile inageuka: marisau yanakuwa yamejazana kiasi kwamba hata nusu aunsi ya .410 inatosha, kama tulivyoona. Kubeba risasi ya yadi 27 kwa ajili ya kazi ya yadi 16 kwa sababu siku moja unaweza kurudishwa nyuma ni kulipa leo deni la mtu ambaye bado hujawa.

Lipo pia jambo ambalo hesabu za namba ya marisau huliacha. Risasi ikilipuka, marisau yaliyo chini kabisa ndiyo yanayobeba uzito wa yote yaliyo juu yake pale yanaposukumwa ghafla, na risasi ya madini laini hubonyea. Rundo likiwa refu, yanayobonyea ni mengi; rundo likiwa fupi, ni machache. Marisau yaliyobonyea hayaendi sawa. Yanakokotwa na hewa, yanachelewa au yanapotea pembeni. Mwandishi Bob Brister, katika kitabu chake cha mwaka 1976, alionyesha kwa namna isiyosahaulika jinsi kundi la marisau lisivyo sahani bapa inayoruka bali mkia mrefu: alipiga karatasi iliyobandikwa kwenye tela lililokuwa likivutwa na gari mbele yake, mkewe akiwa kwenye usukani. Kwa hiyo tofauti ya marisau 102 ya kwenye boksi si tofauti ya marisau 102 yanayofika na kufanya kazi. Baadhi ya yale ya ziada yametumika kuwaharibu wenzao.

Mtu atasema: sawa, nimekubali risasi nyepesi, lakini viwanda navyo vinaziuza, kwa nini nijisumbue na mashine ya kushindilia? Ni swali la haki. Jibu langu ni mwendo. Risasi nyingi za gramu 24 zinazouzwa zimetengenezwa kwa fikra ya Olimpiki, ambako anayeshindana anagombania hata kipande kidogo cha sekunde, hivyo zinasukumwa kwa kasi kubwa, na kasi hiyo hulirudishia bega sehemu ya kile ulichopunguza kwenye uzito. Marisau ni vidonge vya duara. Hewa huviadhibu kadiri vinavyokwenda kasi, na sehemu kubwa ya kasi ya ziada iliyolipiwa begani inakuwa imekwisha njiani kabla ya kuifikia sahani. Anayeshindilia mwenyewe anaweza kuchagua uzito mdogo pamoja na mwendo wa upole, muungano ambao dukani ni nadra kuupata na ambao ndio hasa unaofaa kwa mazoezi marefu, kwa kijana anayeanza, kwa mwanamke mwenye umbo dogo anayetumia bunduki aliyoachiwa na baba yake, na kwa mzee ambaye daktari wake ameshamwonya kuhusu bega.

Suala la fedha naliweka chini makusudi. Mfuko wa marisau wa ratili 25 unatoa risasi 355 ukipima aunsi moja na moja ya nane, na 457 ukipima aunsi saba ya nane. Risasi 102 zaidi kutoka mfuko uleule si jambo la kudharau, hasa kwa kuwa marisau ndiyo kitu cha gharama kubwa kuliko vingine ndani ya ganda. Lakini washindiliaji wa kweli watakuambia kwamba kilichookolewa hakirudi benki, kinageuka kuwa sahani zaidi. Na hilo nalihesabu kuwa faida kamili, kwa sababu hakuna kitu kinachomfundisha mpigaji kama sahani alizozipiga akiwa hajachoka.

Sasa nije kwenye ugumu, maana wanaodhani kwamba risasi nyepesi ni risasi nzito iliyopunguzwa marisau wanajitafutia mashaka. Ganda la geji 12 limetengenezwa likiwa na nafasi ya mzigo mkubwa. Ukiondoa marisau ukaacha vingine vilevile, nafasi inabaki tupu, na mdomo wa ganda unapokunjwa hauna cha kuegemea. Utauona: ile mikunjo minane iliyopaswa kukutana katikati kama nyota bapa inazama ndani, inaacha tundu, na ukitikisa risasi sikioni unayasikia marisau yakicheza. Mkunjo mbaya haushikilii, na usiposhikilia baruti haipati kizuizi cha kuiunguza sawasawa. Kila kitu ndani ya risasi hutegemea kingine. Baruti huungua vizuri inapobanwa. Mzigo mwepesi hubana kidogo. Kwa hiyo mzigo mwepesi unahitaji baruti yenye kuungua haraka, na unahitaji kikombe cha plastiki kilichotengenezwa kwa ajili yake, chenye miguu mirefu zaidi chini na bakuli fupi juu, ili safu nzima ifike kimo ambacho mkunjo unakitaka. Ukitumia baruti ya polepole iliyokusudiwa mizigo ya kuwindia, bunduki itatoa mlio mnene wa uvivu, na ukifungua mtutu utakuta punje za baruti zisizoungua zimetapakaa kama pilipili manga.

Ndiyo maana sitaandika hapa kipimo hata kimoja cha baruti, na ningemwomba msomaji asikipokee kipimo kutoka kwenye makala yoyote wala kutoka kwa rafiki. Watengenezaji wa baruti huchapisha majedwali yaliyopimwa kwenye mitutu ya maabara. Kila mstari wa jedwali ni ndoa ya ganda fulani, fataki fulani, kikombe fulani, baruti fulani na uzito fulani. Ukibadilisha mmoja, umebadilisha mgandamizo, na wakati mwingine umeubadilisha kwa kiasi ambacho macho hayawezi kukiona. Huku Marekani bado maboksi huandikwa vipimo vya dramu, urithi wa zama za baruti nyeusi, vikimaanisha tu kwamba risasi ina mwendo kama wa uzito ule wa baruti nyeusi. Mtu akiisoma namba hiyo kama kipimo cha baruti ya kisasa akaipima kwenye mizani, anatengeneza bomu. Na mashine isiaminiwe kwa neno lake. Chapisho linalokuja nayo linasema tundu fulani la kupimia hudondosha kiasi fulani, lakini baruti hukaa tofauti kwa unyevu, kwa mtikisiko wa meza, kwa mkono wa anayevuta mpini. Mizani pekee ndiyo inayojua. Dondosha kipimo, pima, dondosha tena, pima tena, mpaka vipimo vifuatane, ndipo ushindilie. Kwa risasi nyepesi hili ni la lazima maradufu: kipimo kikipungua kidogo kwenye mzigo mzito utapata risasi dhaifu, kikipungua kiasi kilekile kwenye mzigo mwepesi unaweza kupata risasi inayoacha kikombe cha plastiki katikati ya mtutu.

Hiyo ndiyo hatari ambayo wapinzani wa kushindilia huitaja, nao hawatii chumvi. Mlio ukiwa mdogo kuliko kawaida, mpigaji lazima asimame pale pale, afungue bunduki, aondoe risasi na atazame ndani ya mtutu hadi aone mwanga upande wa pili. Akipiga nyingine juu ya kikombe kilichokwama, mtutu unaweza kufura au kupasuka karibu na mkono wake wa kushoto. Lakini sababu ya ajali hizo, zinapotokea, karibu siku zote ni haraka, mazungumzo mezani, kopo mbili za baruti zilizofunguliwa kwa wakati mmoja. Anayeshindilia akiwa na aina moja tu ya baruti mezani, simu imezimwa, na kila ganda likamulikwa tochi kabla ya kutiwa kikombe, ameondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo. Vumbi la risasi na moshi wa fataki ni hatari ya taratibu zaidi na kwa hiyo inasahaulika zaidi: mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, mezani pasiliwe kitu, na watoto wadogo wasichezee pale chini ambako marisau hudondoka. Sumu ya madini ya risasi haina kiwango salama kwa ubongo wa mtoto.

Baridi na bunduki zinazojipakia zenyewe ni mipaka miwili ya kweli. Asubuhi ya Januari huko Wisconsin au Michigan, mzigo mwepesi unaoungua vizuri mwezi Julai unaweza kukohoa, na mshindiliaji mwenye busara huchagua kwa majira hayo mstari wa jedwali wenye mgandamizo mkubwa zaidi au hupanda hadi aunsi nzima. Bunduki inayojipakia kwa gesi nayo inadai gesi ya kutosha kusukuma mitambo yake; nyingine hukubali gramu 24 bila neno, nyingine hushindwa kutupa ganda. Huwezi kuijua ya kwako kwa kusoma. Unashindilia chache, unajaribu, na kama imekataa unapanda kidogo. Kwa bahati nzuri bunduki hizo zenyewe hupunguza makali ya msukumo, kwa hiyo mwenye nayo hapotezi mengi kwa kubaki na aunsi moja. Wenye bunduki za mitutu miwili hawana kisingizio.

Ningependa kuona viwanja na ligi vikilichukua jambo hili mikononi mwao badala ya kumwachia kila mpigaji na bega lake. Sheria ya trapu ya Marekani inaweka kikomo cha juu cha aunsi moja na moja ya nane, na kikomo cha juu, kama ilivyo desturi ya vikomo, kimegeuka kuwa kipimo cha kawaida. Hakuna haja ya kukishusha kwa wanaopiga yadi 27. Lakini kwa wanafunzi wa ligi za shule za sekondari zilizoanzia Minnesota, watoto wa miaka 12 na 13 wenye mabega ambayo bado yanakua, uwanja unaweza kuamua kwamba risasi zinazotolewa na klabu ni za gramu 24 na mwendo wa upole, na kwamba anayetaka nzito atajiletea mwenyewe. Gharama kwa klabu inapungua. Madini ya risasi yanayoachwa kwenye nyasi na kwenye vijito vya jirani yanapungua kwa robo, wakati Umoja wa Ulaya umeshayapiga marufuku kwenye maeneo oevu tangu 2023 na Marekani iliyakataza kwa uwindaji wa ndege wa majini tangu 1991. Na kocha anapata kitu ambacho risasi nzito ilimnyima: mtoto ambaye kwenye sahani ya 75 bado ameegemeza shavu kwenye kitako, macho yote mawili wazi, ili makosa atakayomwona nayo yawe ya kulenga, ambayo yanafundishika.